Usimfute Leo

Sikio halilali njaa, nami kwenye treni nikatega langu. Kinyozi, shati lingali na nywele za wateja, alikuwa akimwonyesha mama aliyeketi kando yake mchezo wa video wa mpira wa kikapu kwenye simu. "Mchezaji huyu nimemtengeneza kwa sura ya mdogo wangu. Akicheza vizuri majaribio na kuwajibu makocha kwa adabu, timu zinamchagua mapema. Akichaguliwa mwishoni, namfuta, naanza upya."

"Na mdogo wako mwenyewe yuko wapi?"

"Chumba cha upasuaji, sasa hivi. Moyo."

Mama akajisogeza nyuma, utadhani simu inauma. "Basi usimfute leo, mwanangu."

"Akiwa wa mwisho je, mama?"

"Mwache awe wa mwisho. Bora awepo."

Treni ikasimama. Simu ikaanza kusoma majina ya wachezaji waliochaguliwa. Kituo kilikuwa changu, sikushuka.