Nani Atautunza Mtambo Huu wa Maziwa?

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mwenyekiti wa chama chetu cha ushirika Mzee Kipyego, Pasta, wazee wetu, akina mama wenzangu mliokamua alfajiri ili muwahi kuja kuketi juani, na nyinyi vijana mliosimama karibu na kreti za soda: hamjambo?

Mimi ni Esther, mfugaji wa hapa Ziwa na mwalimu mstaafu. Nimeombwa niseme asante kwa mtambo huu mpya wa kupoza maziwa. Asante. Muda uliobaki ni wangu.

Mheshimiwa, ukigeuza shingo kidogo utauona ule mtambo mwingine, ule uliofunikwa turubai, kuku wanalala chini yake. Nao tuliufungua hivi hivi. Tulikata utepe, tukaimba, tukala wali, tukapigwa picha. Mwaka haukuisha, mtambo ukazima. Je, tuliita fundi? Wapi! Tulimwita Pasta auombee. Pasta, uliomba vizuri na hatukulaumu, lakini hata wewe jino likikuuma si unaenda kwa daktari?

Maziwa yalipoanza kuharibika, kamati ikatuambia tusijali, tutauza mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni. Mursik! Jamani, kuna Mkalenjin hata mmoja hapa ambaye mamake alitengeneza mursik ndani ya tangi la chuma, bila kibuyu, bila mkaa? Tulimwaga maziwa kwenye mtaro mpaka mbwa wa Ziwa wakachoka kunywa. Niliudhika siku ile, na bado nimeudhika.

Mtunzaji wa mtambo alikuwepo. Ni Tyson, mpwa wa Mwenyekiti. Tyson ni kijana mzuri, ana heshima, na mbio za nyika anaziweza kweli kweli. Lakini kukimbia si kupoza maziwa. Mtambo ulipopata shida, kengele ikalia. Tyson akakata waya wa kengele, akaendelea na shughuli zake. Kelele ikaisha, na maziwa yetu pia yakaisha.

Na wakati huo wote tulikuwa na Nakhumicha. Mnamjua: binti wa Sifuna, yule mzee aliyetoka Bungoma kuja kupalilia mahindi yetu, akabaki, akatusaidia kuzika wafu wetu. Nilimfundisha msichana huyu. Alienda Eldoret kusomea ufundi wa friji na mitambo ya kupoza, babake akauza ng'ombe wake wa pekee. Alipoomba kazi hapa aliambiwa, "Ngoja kwanza, kuna wenyewe." Mzee Kipyego, nakuheshimu sana, lakini hao wenyewe ni akina nani? Maziwa yanajua kabila? Leo Nakhumicha anauza mitumba sokoni Soy, na sisi tunapokea mtambo wa pili kwa vigelegele!

Halafu tunasimama hapa kusema tunataka maendeleo ya kudumu. Yatadumu kwa kutegemea nini? Elimu tumeiacha sokoni, teknolojia tumeifunika turubai, na uongozi bora tunaungoja utoke Nairobi, kana kwamba hauwezi kuanzia kwa kamati yetu hii ndogo inayogawa kazi kama nyama ya harusi, jamaa kwanza. Nimechoka, ndugu zangu. Nimechoka kabisa.

Mheshimiwa, naona mkasi uko mkononi. Naomba usikate bado. Sisi akina mama tumekaa tukakubaliana: kuanzia kesho, hakuna mtungi wetu hata mmoja utakaoingia hapa mpaka kazi ya kuutunza mtambo huu itangazwe wazi, na wanaoiomba wahojiwe mbele ya wanachama. Heri maziwa tuwape ndama. Nakhumicha simwombei upendeleo. Fundi mwingine akimshinda kwa haki, huyo fundi nitampikia chai mimi mwenyewe. Lakini aruhusiwe kushindana.

Akina mama, simameni.

Mzee Kipyego, maziwa yote ya mtambo huu yamesimama mbele yako. Asanteni nyote kwa kunivumilia. Sitaketi; nangoja jibu.