Mashine Isipande Kwenye Bustani za Juu

Mgeni rasmi, Diwani Preben Ravnholt, msimamizi wa viwanja vya manispaa, karibu kwenye bustani zetu za Lyngtoft. Bendera imepandishwa, kahawa ipo, keki ya rabarba, ule mmea wetu mchachu, ameoka mwenzetu Tove. Ila usinywe kwanza. Mbele yako kuna bilauri mbili za maji. Mimi, Sidsel, katibu, natia donge moja la udongo katika kila bilauri. Madonge yakae humo nikisoma risala yetu.

TULIKOTOKA
Wazee wetu walikabidhiwa mchanga mtupu wa rasi yetu ya Jutland, unaopeperushwa na upepo wa baharini. Miaka arobaini na mmoja hatujaulima. Tunaufunika kwa majani, tunapanda humo humo. Sababu niliielewa kwenye masomo ya jioni, kigari cha mtoto kikiwa kando ya dawati: kuvu wanaoishi na mizizi ya njegere na vitunguu liki hutengeneza protini iitwayo glomalini, nayo hushikamanisha chembe za mchanga kama gundi. Jembe likipita, nyuzi za kuvu hao hukatika.

TULICHOTENDEWA
Oktoba, bila kutuuliza, ofisi yako ilileta mashine ikachimbua bustani sita za chini, eti zipendeze. Mzee Ebbe alipoizuia, msimamizi wa kazi akamwambia, "Udongo ni udongo tu, mzee. Ukiharibika tutakuletea mwingine kwa lori."

Ebbe akamjibu, "Na mama yako akiharibika, mwanangu, utaletewa mwingine kwa lori?"

Tulicheka. Mvua ya Novemba ilipoitiririsha bustani yake hadi barabarani, hatukucheka. Ebbe ana miaka themanini na miwili. Arobaini mingine atatoa wapi?

TUNACHOTAKA
Barua yako inasema Jumatatu mashine inapanda kwenye bustani kumi na mbili za juu. Hapa tulikuwa tumeandika "tunaomba kwa unyenyekevu". Ebbe amefuta unyenyekevu. Isipande. Tuandikie hivyo leo, mbele yetu.

Za chini tuachie, tutazilea wenyewe. Binti yangu Asta, mwenye miaka mitatu, ameshafukia njegere zake kwa Ebbe, na kila asubuhi anauliza kama zimeamka. Tunaye wa kungoja naye.

Sasa tazama bilauri, mheshimiwa. Donge la kulia ni la bustani za juu: bado zima, na maji yake meupe. La kushoto limekuwa uji. Hilo ni la Ebbe.

Kalamu iko kando ya kikombe chako. Mungu aubariki mkono utakaoishika, na nyumba yako, na ardhi hii iliyotulisha.

Ni sisi,
Wanabustani wa Lyngtoft