Stempu Zangu Hampati

Sogeeni karibu, wanangu, wewe Ransford na wewe Eulalie, na mfunge midomo, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni haba na sitaki kuimaliza kwa kushindana na watu wazima wenye mvi. Nyumba hii ya mbao mtagawana, Ransford chini, Eulalie juu, na atakayekimbilia kwa wakili nimekwisha kumlaani. Cherehani apewe binti wa jirani. Deni sina, ila lile sufuria kubwa la kanisa, lirudishwe kabla hamjanipikia awujo, karamu ya kuwalisha marehemu, kwa sababu sitaki wafu wenzangu waje kula maharage yangu kwenye chombo cha kuazima. Hayo ni madogo. Kubwa ni albamu za stempu, ambazo mmekuwa mkizizengea tangu nilipoanguka bafuni.

Hampati hata moja.

Msigune. Sikilizeni. Ransford, ulikuja na kioo cha kukuzia na kitabu cha bei, ukakalia miguu yangu hapa kitandani, ukawa unanisomea: "Mama, hii ina thamani. Hii haina. Hii ya kutupa." Ukatupa kweli! Uliitupa ya Bonthe kwa kuwa imeng'oka jino moja pembeni, nami niliibandua kwenye bahasha ya kwanza aliyoniandikia baba yenu, alipokuwa karani wa forodha kule na hajui hata kuliandika jina langu. Hukuuliza. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini wewe uliambiwa tangu una meno ya utoto, na bado ukatoka mtupu. Unakwenda harusini kuhesabu viti, mwanangu.

Na wewe Eulalie usimcheke mwenzio, nyani haoni kundule. Nani duniani anaosha stempu kwa sabuni ya unga ili muhuri wa posta utoke? "Zilikuwa chafu, Mama, nimezitakasa." Umezitakasa! Muhuri ndio safari yenyewe, mpumbavu wee, ndio Kenema, ndio Moyamba, ndio ile mvua iliyolikwamisha lori la barua. Kisha ukailoweka ile yenye umbo la ramani ya nchi yetu, ile ya kubandika bila kulamba, ambayo wakusanyaji wote wa Freetown wanajua haitiwi majini, hukatwa pamoja na karatasi yake. Ukaniletea uji. Zilizosalia ukazifungia kabatini, ukavaa glavu kama mng'oa meno, ukaniambia nisizishike kwa vidole vyenye mafuta ya mawese. Vidole vilivyozikusanya! Tangu Pasaka nimelala humu, nyumbani kwangu, sijaona hata moja ya hizo za kabatini, eti binti yangu anazihifadhi.

Huu ni mchezo, wanangu. Usikusanye usichokipenda. Usihangaike kukamilisha seti kama mtu anayedaiwa. Ukichoka, funga albamu ukapike fufu, kesho zitakuwepo. Na usikusanye peke yako chumbani kama mchawi. Kaa barazani Jumamosi na mwenzio, na maji ya tangawizi, mbadilishane huku mnatukanana.

Kwa hiyo zote nampa Claudius Macfoy.

Kaa chini, Eulalie. Najua ni mwizi, mimi ndiye niliyeibiwa. Alinipa stempu ya kasuku aliyepasuka katikati, kaungwa kwa ute wa yai, akachukua tembo wangu wa Liberia mzimamzima, na kwa ajili ya kasuku yule nilimgeuzia mgongo kanisani mpaka mkewe akazikwa. Simpendi hata leo. Ananuka tumbaku, na besi yake kwenye kwaya ni ya beberu mgonjwa. Lakini juzi, ulipokwenda kununua mboga, aliiokota ile ya Bonthe chini ya kitanda, akaisogeza dirishani, akapasuka kicheko: "Theodora, karani huyu wa posta alikuwa amelewa! Tarehe kaigonga kichwa chini!" Miaka yote ile, sikuwahi kuiona. Tulicheka mpaka mbavu zikaniuma. Dawa zenu hazijanipa hata robo ya raha ile.

Toa ufunguo, Eulalie. Usiniangalie hivyo, toa. Weka hapa kiganjani. Mkizitamani, nendeni kwake Jumamosi, kila mtu na stempu yake mkononi, mbadilishane. Atawapunja. Mwacheni awapunje, huenda mkajifunza kucheka.

Sasa inameni. Mniinulie mkono, mzito huu... hapo, kichwani. Mungu awasamehe ujinga wenu, kwa maana mimi bado sijaweza. Awape siha. Awape kitu kimoja mkipende bure... bila kuuliza kinauzwaje. Msigombane. Amina.

Kikohozi hicho barazani ni chake. Mwiteni.

Ingia, mwizi. Usilie, unaniudhi. Shika ufunguo... Sogea, macho yameingia ukungu. Sogea tena. Mfukoni leo una nini? Nionyeshe.