Karani Aliyeukana Muhtasari Wake: Raymundi Mayala, 1926–1982

Baba Padre, wazee wetu, majirani wa Ipuli, na ninyi mliokuja kutoka Isikilo kwa treni ya jana, poleni na safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Eustadia Mayala, mdogo wa marehemu. Wanawe walitaka wasifu huu usomwe na mwanamume mwenye sauti nzito. Marehemu mwenyewe aliagiza niusome mimi, na aliagiza nisimpake asali. Kwa hiyo mkisikia humu neno la kuwakera, mkasirikieni yeye.

Marehemu Raymundi Mayala alizaliwa Igalula tarehe 14 Machi 1926, mtoto wa kwanza wa Mzee Mayala Kasanda, aliyekuwa mfanyakazi wa genge la reli, na Mama Bibiana Nyamizi. Alibatizwa Pasaka ya mwaka uliofuata. Tangu utotoni aliogopa ng'ombe. Mnyamwezi kuogopa ng'ombe ni jambo la kuchekesha, na baba alimcheka mpaka machozi, kwa maana alipotumwa kuwapeleka ng'ombe wa babu kunywa maji, alitangulia mbele mno hata ikaonekana ng'ombe ndio wanaomfukuza. Mama alimtetea akisema kila mtu ana mnyama wake.

Alianza masomo katika shule ya misheni Igalula mwaka 1935, akaendelea na shule ya kati mjini Tabora, akamaliza darasa la nane mwaka 1943. Alijaliwa mwandiko mzuri. Mwaka 1944 aliajiriwa kuwa karani wa mizigo stesheni, na tarehe 1 Februari 1954 alihamia Baraza la Mji Mdogo wa Isikilo, mji ulio kwenye njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji. Hapo akawa karani wa vikao. Kazi yake ilikuwa kukaa mwisho wa meza, kunyamaza, na kuandika yaliyosemwa na wengine. Uhuru ulipopatikana, yeye ndiye aliyeandika majina ya madiwani wapya kwenye ubao wa ofisi, na nakumbuka watu walisimama juani kuyasoma, hata wasiojua kusoma.

Alifunga ndoa na Apolinaria Ndaki hapa Tabora, Jumamosi tarehe 6 Oktoba 1951. Barua ya posa aliiandika nakala tatu: moja ya baba mkwe, moja ya bibi harusi, na moja ya jalada. Wifi yangu anayo nakala yake hadi leo. Anasema alimkubali ili jalada lifungwe. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Sasa nafika mahali ambapo marehemu alinikataza kuruka.

Upande wa magharibi wa Isikilo palikuwa na kitongoji kikiitwa Kisimani, kaya arobaini na tatu, zilizozunguka kisima kilichochimbwa enzi za misafara. Mimi nilikuwa mmoja wa wakazi wake. Niliolewa huko na mume wangu akafia huko. Mwaka 1967 Baraza liliamua kujenga machinjio ya mji, na eneo lililopendekezwa ni pale kwetu. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Bwana Justus, mwenyeji wa ng'ambo ya ziwa, mchapakazi, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akitukana. Alisema zama za kuamuliwa zimepita, wananchi lazima waulizwe. Akaja kutuuliza Jumamosi tarehe 16 Septemba, saa nne asubuhi, akiwa na diwani wetu Bwana Omari, na kaka yangu akiwa na daftari lake.

Bwana Justus alisema kwa muda mrefu. Alisema tutahama kabla ya mwisho wa Oktoba. Alisema tutapewa viwanja karibu na barabara. Alipomaliza akasema, "Haya, ndugu wananchi, mnasemaje?"

Watu wa Kisimani wakainamisha vichwa, wakakunja viganja kidogo, wakapiga makofi taratibu, pa, pa, pa, wote kwa pamoja. Mliozaliwa Unyamwezini mnayajua makofi hayo. Mkubwa akimaliza kusema unampigia, hata kama alichosema ni kukutoa nyumbani kwako. Maana yake ni kwamba umesikia. Jibu huja baadaye, wazee wakishakaa. Lakini Bwana Justus hakuzaliwa huku. Alifurahi sana. Akasimama begani mwa karani, akasema, "Umeona? Andika: wananchi wameafiki kwa makofi."

Na marehemu akaandika.

Alijua. Mtoto wa Mayala Kasanda, aliyempigia babu yake makofi hayo kila asubuhi, alijua vizuri kuliko mtu yeyote pale. Aliogopa. Alikuwa na watoto wanne, na nyumba aliyolala ilikuwa ya Baraza. Nalisema hili mbele ya jeneza lake kwa sababu yeye alitaka lisemwe.

Siku tisa baadaye tangazo lilibandikwa: Kisimani wahame ifikapo tarehe 31 Oktoba. Mwanne binti Yahaya, mfinyanzi, mama wa makamo aliyeheshimiwa na kitongoji kizima, alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa kaka, udongo ukiwa bado mikononi. Wifi yangu alikuwepo.

"Shikamoo mama," kaka alisema.

"Marahaba. Mwanangu, sisi tulimpigia mgeni makofi kama tulivyolelewa. Nani alikwambia tumekubali?"

"Mama, imeshaandikwa."

"Na aliyeandika si wewe?"

"Ni mimi."

"Basi futa."

Kaka akamweleza utaratibu. Karani haruhusiwi kufuta. Muhtasari husomwa katika kikao kinachofuata, mwenyekiti huuliza kama kuna marekebisho, na diwani aliyekuwepo tu ndiye anayeweza kusahihisha. Ukishathibitishwa na kutiwa saini, basi, hata Mungu angesubiri kikao kingine. Bi Mwanne alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Unaujua vizuri sana utaratibu wako. Sisi tunajua mvua inakuja na mbegu ziko ardhini." Akaondoka bila kunywa maji aliyoletewa.

Kwa wiki mbili marehemu hakula chakula kikaisha. Alimwendea Bwana Omari, akamwomba alete marekebisho. Bwana Omari alikubali, lakini alikuwa mfanyabiashara wa nguo na kibali cha duka lake kilikuwa mikononi mwa Baraza. Alikubali jinsi mtu anavyokubali kuja harusini akijua hatakuja.

Kikao kilifanyika Alhamisi tarehe 12 Oktoba. Sisi wa Kisimani tulikwenda kumi na wanane, tukakaa kwenye mabenchi ya nyuma, kwa kuwa wananchi waliruhusiwa kusikiliza lakini hawakuruhusiwa kusema. Kaka alisoma muhtasari wote kwa sauti. Alipofika kwenye makofi yetu hakuinua macho, akaendelea hadi mwisho, akaketi.

"Kuna marekebisho?" aliuliza Bwana Justus.

Bwana Omari alikuwa anaangalia kofia yake iliyokuwa mezani. Nilimwona. Kaka pia alimwona.

"Kama hakuna marekebisho, naomba tuthibitishe."

Mwenyekiti alikwishashika kalamu. Hapo kaka akasimama. Miaka kumi na mitatu alikaa mwisho wa meza ile, na hakuna diwani aliyewahi kuisikia sauti yake isipokuwa anaposoma maneno ya wengine.

"Bwana Mwenyekiti, ukurasa wa nne si kweli."

"Karani, kaa."

"Wananchi hawakuafiki. Walipiga makofi ya heshima. Mimi nilijua, na nimeandika uongo."

"Karani, huna haki ya kusema katika Baraza hili. Kaa, au toka nje."

Kaka hakukaa. Aliiweka kalamu juu ya daftari, akaanza kutembea kuelekea mlangoni, na njia ya mlangoni ilipita mbele ya mabenchi yetu. Alipotufikia, Bi Mwanne aliinamisha kichwa, akakunja viganja. Wenzake wakafuata. Pa, pa, pa.

Bwana Justus akanyoosha mkono. "Mnaona, waheshimiwa? Hata wao wenyewe wameafiki atoke!"

Kisha diwani mmoja mzee akaanza kucheka, akajizuia kwa leso. Bi Mwanne, ambaye hakuruhusiwa kusema, akasema, "Hatujaafiki kitu, Bwana Mkubwa. Tumemheshimu." Nilimwona Bwana Justus akituangalia, akaangalia viganja vyetu, na uso wake ukabadilika taratibu kama mtu anayekumbuka alipoacha funguo. Ndipo Bwana Omari akainua mkono.

"Bwana Mwenyekiti, naomba kuleta marekebisho ukurasa wa nne."

Yalipita kwa kura saba dhidi ya nne. Tangazo likabanduliwa ubaoni, na mkutano mwingine ukaitishwa Kisimani, Jumamosi tarehe 21 Oktoba, kila mkuu wa kaya aitwe kwa jina na aseme kwa mdomo wake. Marehemu aliambiwa aandike mkutano huo, halafu akabidhi daftari.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mimi na yeye tulipogombana. Kaya thelathini na nane zilikataa kuhama. Tano zilikubali, na moja ya hizo tano ilikuwa yangu. Mwanangu Anton alikuwa na miaka minne na mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Viwanja vile vya barabarani vilikuwa jirani na zahanati, na mimi nilikuwa nambeba mgongoni saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Kaka alikuwa ameshughulika na Kisimani nzima, na hakukumbuka kuniuliza mimi ndugu yake. Jina langu lilipoitwa nilisimama nikasema, "Nataka kuhama. Mguu wa mtoto unanitosha. Na huyu kaka yangu anayejifanya mtetezi wa watu ni mjinga." Nikamgeukia. "Andika!"

Akaandika. Muhtasari ule ulisomwa barazani, na mpaka leo umo katika majalada ya Isikilo: "Bi Eustadia Mayala alitaka kuhama kwa sababu ya mguu wa mtoto. Alisema pia kwamba karani ni mjinga." Madiwani walicheka. Mimi sikucheka. Machinjio yakajengwa kwingine, Kisimani ikabaki, na mimi nikaendelea kubeba mtoto mgongoni.

Marehemu aliondolewa kwenye vikao. Alipewa kusimamia zizi la mji, wanakofungiwa ng'ombe wanaokamatwa wakizurura. Waliompangia kazi hiyo hawakujua kwamba anaogopa ng'ombe, na yeye hakuwaambia. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, fimbo mkononi, mgongo ukutani. Mimi nilipita mbele ya zizi kila nilipokwenda zahanati, na sikumpa shikamoo. Miaka saba. Mtu na kaka yake mkubwa. Najua ni dhambi, na nimeshaungama.

Mwaka 1974 ikaja amri ya serikali ya kuhamia vijijini. Lori lilifika Kisimani asubuhi, na kufikia saa kumi jioni kaya zote zilikuwa zimepakia. Wengi walilia. Mimi nilisimama kando ya lori nikasema kwa sauti kwamba Anton bado anatibiwa, kwamba tunakopelekwa ni mbali zaidi na zahanati, kwamba siendi. Nilisema vizuri kabisa, kuliko mara ya kwanza. Nikatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu mwenye daftari.

Wiki iliyofuata nilitembea kutoka kijiji kipya hadi zizini. Kaka alikuwa amebanwa kwenye kona na fahali mmoja ambaye, nadhani, alikuwa anataka chumvi tu. Nikasema, "Shikamoo kaka." Akasema, "Marahaba. Umekula?" Hatukuzungumza jambo lingine siku ile. Nilimfukuzia yule fahali, tukala.

Alistaafu mwaka 1978, akajenga hapa Ipuli. Kisukari kilianza kumsumbua mwaka uliofuata. Januari mwaka huu alilazwa, na siku moja akaniambia nije kusoma wasifu wake. Nikamuuliza kwa nini mimi, wakati ana watoto waliosoma. Akasema, "Hao watanisifu. Wewe ulinipinga mbele ya watu, na haki ilikuwa upande wako, na upande wa wenzako wa Kisimani pia. Sikujua la kufanya zaidi ya kuandika." Nikamwambia asijichoshe. Akasema hajachoka, anamalizia tu.

Alifariki Jumatano tarehe 17 Februari 1982, saa tano asubuhi, Wifi Apolinaria akimshika mkono. Tunawashukuru waliomuuguza, waliochangia unga na mafuta ya taa, na walimu waliotupigia stensili karatasi hizi.

Marehemu ameacha mjane, Apolinaria, watoto wanne, Dionis, Silasi, Bibiana na Yustina, wajukuu tisa, mpwa wake Anton, yule pale aliyeegemea fimbo, ambaye ndiye aliyemchimbia kaburi na akakataa kusaidiwa, na mdogo wake mmoja.

Mdogo wake huyo bado anasema ingekuwa heri tungehama mwaka ule wa sitini na saba. Nilimwambia hivyo kila Jumapili baada ya misa, na kila Jumapili alinisikiliza hadi mwisho.

Apumzike kwa amani kaka yangu Raymundi. Jumapili inakuja, na sina wa kumwambia.