Jicho la Nasike na Dawa ya Uzee

Kawangware, ukivuka mtaro upande wa Gatina, kuna benchi la mbao lililoegemea ukuta wa mabati, na mbele yake Maggie huuza kahawa ya tangawizi. Asubuhi hiyo wanabenchi walifika mapema kuliko kawaida. Murunga, ambaye kila mtu humwita Fundi kwa sababu nusu ya plot za kupangisha za hapo amezijenga yeye, alikaa pembeni, simu kiganjani, akiitazama kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Jana mkewe Nasike alipasuliwa jicho. Leo bandeji ilikuwa inatolewa. Hospitali iliruhusu mtu mmoja tu wa kumsindikiza, akaenda binti yao, Marion. “Ni uzee, mzee wangu,” daktari alikuwa amemwambia Murunga. “Lenzi za macho yote mawili zimeingia ukungu.” Ndani ya ukungu huo Nasike alikuwa ameishi miaka miwili, akiijua nyumba yake kwa vidole, mpaka siku alipoweka mkono juu ya jiko lenye moto akidhani ni stuli. Tangu hapo Murunga hakuwahi kufanya kazi mbali na nyumbani bila roho kumdunda.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Eugene, mwalimu wa tuition, ambaye benchi lilimbatiza Profesa.

– Wazee, mmeskia hii? Huko majuu wamechukua panya mzee, mgongo umepinda, manyoya yameisha. Wakamtengeneza seli za mwili zikawa changa. Panya akaanza kukimbia kama kijana!

– Panya wa kwangu hawajawahi kuzeeka, alisema Kabiru, mwenye plot nyuma ya kanisa, kwa jina la benchi Landilodi. – Ni walewale tangu niweke msingi.

– Sicheki, Landilodi. Wakimaliza na panya wanakuja kwa watu. Unaenda kliniki na mvi, unatoka na afro.

– Nywele zangu zilienda kitambo. Hizo watazitoa wapi?

Maggie alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Murunga naye alijaribu kucheka, lakini macho yake yalirudi kwenye simu. Hakuna kitu.

Okoth, kijana wa bodaboda anayelala mtaa wa Gatwekera na kushinda Kawangware, alikuwa na helmeti magotini.

– Mimi nawaambia hiyo dawa italeta noma. Fikirieni MCA, diwani wa wadi. Huyu wetu akidungwa, atatuahidi barabara miaka mia tatu!

– Na vijana wangu je? Kabiru akaruka. – Sahi tu wananiuliza afya yangu kila Jumapili, na si kwa mapenzi. Nisipokufa, watangojea plot mpaka wao wenyewe watembee na mkongojo. Mimi kijana, wao wazee. Nitawalea tena!

– Utampeleka mtoto wako wa miaka tisini chekechea, PP1, alisema Okoth.

– Na harusi? Profesa alikuwa amewaka sasa. – Pasta anasema mpaka kifo kiwatenganishe. Kifo kikistaafu? Itabidi waandike upya. Mpaka mchokane!

– Profesa, Murunga alisema ghafla. Sauti ilimtoka nyembamba, wote wakamgeukia. – Hao watu wa panya. Jicho wanaliweza?

Profesa alikuna kidevu.

– Jicho ni kitu ya kawaida siku hizi, Fundi. Hiyo hata hawaiiti sayansi. Wanatoa lenzi, wanaweka ingine.

– Kama wamekosea?

Mama mmoja mwenye mizigo alisimama barabarani akamwita Okoth. Okoth akamwonyesha pikipiki ya mwenzake. Ndipo Murunga alipong'amua kwamba kijana huyo alikuwa amekataa abiria tangu alfajiri, na kwamba Landilodi, ambaye huwa hana muda na mtu, hakuwa ameinuka hata mara moja. Makelele yale yote ya panya yalikuwa ya kumsahaulisha hofu.

– Si ni yule Marion? Maggie aliuliza, birika likiwa hewani.

Alikuwa Marion, ndiyo, kutoka upande wa stage ya matatu. Lakini hakuwa amemshika mamake mkono. Nasike alitangulia peke yake, miwani myeusi usoni, akaufikia mtaro, akainama kidogo kuutazama, akauruka.

Akauruka! Murunga alisimama bila kujua amesimama.

Nasike alifika, akainua miwani kidogo, akampitisha macho kutoka viatu hadi kichwani.

– Baba Marion, alisema. – Kumbe umezeeka hivi na hukuniambia?

Benchi zima lililipuka. Murunga alifungua mdomo aseme neno, likatoka kilio, halafu kicheko, akajifuta na mkono wa shati bila aibu.

– Simu ilizima chaji, baba, Marion alieleza. – Daktari amesema jicho limekubali kabisa. La pili ni mwezi ujao.

– Mama Marion, karibu kahawa, alisema Profesa. – Tulikuwa tunajadili dawa ya kurudisha ujana. Mtu ataishi miaka mia tatu bila mvi.

Nasike alipokea kikombe, akakichungulia ndani, akakiona kina mapovu, akatabasamu.

– Miaka mia tatu? Mtakuwa mnafanya nini?

Profesa alimtazama Landilodi. Landilodi alimtazama Okoth. Okoth aligeuza helmeti, akaitazama ndani kama jibu limeandikwa huko.

– Kahawa imeisha, alisema Maggie.

Murunga alinyoosha mkono kumshika mkewe amwongoze nyumbani, jinsi alivyozoea. Nasike hakuupokea. Alikuwa amesimama katikati ya njia, akisoma kwa sauti maandishi ya ukuta wa duka, herufi moja moja, na ya kibanda kilichofuata, na ya kile cha pili yake.

– Twende, Murunga alisema taratibu.

– Ngoja kwanza, Baba Marion. Sijamaliza.

Akangoja.