Rachel Eliamini Akyoo na Chemchemi ya Mzee Mika

Ndugu waombolezaji, Rachel alizaliwa tarehe 9 Aprili 1997, nyumbani hapa juu ya Kikatiti, mtoto wa tatu wa Mzee Eliamini na Mama Anaeli. Mama husema alizaliwa mvua ikinyesha, akalia hadi majirani wakasikia. Tuliokua naye tunaamini, maana hata ukubwani hakujua kunong'ona.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na kumaliza kidato cha nne mwaka 2014. Mwaka uliofuata aliwakusanya vijana wenzake kumi na sita wapande miti kuzunguka chemchemi iliyo shambani kwa Mzee Mika, ambako nusu ya kijiji ilichota maji. Walipanda mikaratusi. Miche ilikuwa ya bure na ilikua haraka. Baada ya miaka miwili ilikuwa imepita mapaa, na sisi sote tulipiga picha pale. Mwaka 2018, akisomea kilimo cha bustani chuoni Tengeru, alifundishwa jinsi mkaratusi unavyonyonya maji. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo alirudi nyumbani, akakuta chemchemi imekauka na ng'ombe wa Mzee Mika wanalamba tope.

Wengine tungenyamaza na kusingizia ukame. Rachel alikata isale, jani ambalo hapa kwetu ukiletewa huna budi kusamehe, akapita nalo nyumba kumi na moja. Mzee Mika alilipokea, kisha akamwambia, "Mwanangu, nimekusamehe. Lakini ng'ombe hawanywi msamaha." Rachel alirudi nyumbani akilia, na tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani ila maji yale yarudi.

Mkaratusi ukikatwa huchipua, kwa hiyo yeye na wenzake waling'oa visiki kwa sururu, kimoja kimoja, mwaka mzima na zaidi, ndipo wakapanda mikuyu na miringaringa, miti inayotunza maji. Alipomaliza chuo alifungua kitalu cha miche pale Tengeru, akaishi kwa kazi hiyo. Jumamosi zake zote zilikuwa za chemchemi.

Tarehe 10 Desemba 2022 alifunga ndoa na Saruni, kijana wa Oldonyosambu aliyekuja kusaidia kung'oa visiki siku moja, akarudi wiki nzima. Visiki havikuwa vitamu kiasi hicho, shemeji. Siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga kwao, msusi alimsubiri hadi saa nane kwa sababu bibi harusi alikuwa anamwagilia miche, na aliingia ukumbini na udongo kwenye kucha. Mungu aliwajalia binti mmoja, Namnyaki.

Agosti mwaka jana alianza kuumwa tumbo, na vipimo vikaonyesha saratani ya ini. Tulimuuguza nyumbani, kisha hospitalini mjini Arusha. Kila aliyemtembelea aliulizwa swali moja: chemchemi inasemaje? Januari maji yalianza kuonekana. Mzee Mika aliwakataza vijana wasiseme, wasije wakampa mgonjwa matumaini ya bure. Alitaka kwanza aone kama yatavuka jua la Februari. Kila asubuhi alikwenda kuyatazama. Jumanne, tarehe 17, aliridhika, akavaa koti lake akaja mjini kumwambia. Alifika saa tano. Rachel alikuwa amefariki saa tatu. Mzee alikaa kwenye benchi la hospitali na kofia mkononi, akasema, "Heri ningemwambia tangu Jumapili." Na sisi tulijiuliza mangapi tuliyaahirisha.

Marehemu ameacha wazazi wake wote wawili, mume, mtoto wa miaka miwili, kaka wawili, dada mmoja, na wenzake kumi na sita ambao ndio waliochimba kaburi hili.

Jambo la mwisho. Familia ilikuwa imeagiza boza la maji kwa ajili ya msiba. Jana asubuhi Mzee Mika alisimama barabarani akalirudisha lilikotoka, kisha vijana wakashinda wakipanda na kushuka na madumu. Chakula na chai mtakavyopewa leo vimepikwa kwa maji ya chemchemi ile. Rachel hakuyaona, hakuyaonja. Tukitoka hapa kaburini, kila mmoja anywe, hata kama hana kiu.

Mungu ampumzishe dada yetu kwa amani.