Bwana Shiraz na Video Isiyosema

Na Veronicah Kinyanjui, Chumba cha Pasi

Ijumaa tarehe 28 Agosti, Bwana Shiraz Jiwa, afisa wetu wa mafunzo, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha watu kupiga pasi shuka za hoteli. Ukiwahi kulala katika hoteli ya Westlands ukakuta shuka imenyooka, huenda aliyeinyoosha alipitia mikononi mwake.

Aliingia katika kiwanda chetu cha kufulia kama karani wa kupokea mizigo. Akahamia kwenye pasi kubwa ya rola kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, karani hana mtu wa kuongea naye. Na Bwana Shiraz ni mtu wa maneno. Anaweza kuanza na joto la pasi, apitie historia ya pamba, na amalizie na ushauri wa ndoa bila kumeza mate. Kila kundi jipya lilipohitimu alilipeleka Kenyatta Market kula nyama choma, na nyama ilipoa huku akieleza namna ya kukunja foronya.

Lakini tusimcheke sana. Rola ile ni moto, na kidole kikichelewa kuachia pindo la shuka kinaingia nalo. Mwaka wake wa kwanza alimwona mwenzake akiungua mkono, na tangu hapo hakuna mfanyakazi mgeni aliyegusa mashine kabla ya kumsikiliza.

Ndiyo maana umri wa kustaafu ulipokaribia alianza kukosa usingizi. Nani atawaambia wageni? Kampuni ikakubali itengenezwe video ya katuni, na kazi akapewa Simran, mchoraji mwenye studio kule Hurlingham. Simran alitaka dakika nne. Bwana Shiraz akampelekea maelezo ya saa nzima. Wakavutana, wakakatakata, mwishowe wakapatana. Siku ya kurekodi sauti alivaa suti na tai, ingawa kwenye katuni yenyewe haonekani. Alitaka sauti yake ibaki hapa akishaondoka, na wala hakuficha.

Tulipoionyesha katika chumba cha pasi, mashine zikiwa kazini, hakuna aliyesikia neno. Bwana Shiraz akaongeza sauti. Bado. Akalaumu spika. Mashine zilipozimwa saa ya chai, Obuya, mpiga pasi wetu wa siku nyingi, akamwambia kwa upole: "Mzee, si spika. Hata wewe mwenyewe hatukuwa tunakuskia. Na hii kelele yote? Sisi tulikuwa tunaangalia tu mikono yako."

Ilimuuma. Alikaa ofisini kutwa nzima bila kusema na mtu, na sisi tunaomjua tukaona kama kuna msiba. Nilimhurumia sana. Si rahisi mtu kuambiwa kwamba hotuba zake zote zilimezwa na rola.

Wiki iliyofuata alirudi Hurlingham na kumwomba Simran aiondoe sauti yake yote. Akashika shuka yenye unyevu, Simran akachora mikono yake, tena si kutoka mbele bali kutoka begani, jinsi mfanyakazi anavyoiona mikono yake mwenyewe. Pale vidole vinapoachia pindo, picha inakwenda polepole na kurudia. Kila hatua ikiisha, video inasimama ili mgeni ajaribu kwanza. Mwenye macho haambiwi tazama.

Kavutha ndiye mgeni wa kwanza kufundishwa nayo. Alitazama, akajaribu, akakosea, akatazama tena. Bwana Shiraz alisimama nyuma yake, amekunja mikono kifuani na kufunga mdomo. Nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya hapa. Kavutha alipopitisha shuka yake ya kwanza, vidole vyote salama, mzee alitoka nje kufuta miwani.

Bwana Shiraz, vidole vyetu ni vizima kwa sababu yako, na tunakushukuru kwa moyo wote. Mungu akujalie afya, raha na wajukuu watukutu wa kukuchosha. Siku ya kukuaga, tumeomba mashine zote zizimwe kuanzia saa nane mchana hadi utakapochoka mwenyewe. Ongea utakavyo. Tunataka kukusikia.